Fundi bomba wa kujitegemea: nikate bima ya kuharibu mali za watu, au ni kutupa hela?

koki_ya_tegeta

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni fundi bomba, nimesoma VETA Chang'ombe, nina miaka 6 mtaani. Nazungukia Tegeta, Bunju na Mbezi Beach, mara mojamoja navuka mpaka Masaki. Sina kampuni. Nina jina la biashara nililosajili BRELA, TIN, pikipiki, begi la vifaa na dogo mmoja wa kunisaidia kuchimba na kubeba.

Wiki iliyopita nimepata kazi ambayo sijawahi kuipata. Kuna jengo la fleti 24 Masaki, wanataka fundi mmoja wa mabomba kwa mwaka mzima, 650,000 kwa mwezi, iwe kuna tatizo au hakuna. Vifaa wananunua wao. Kwa mtu anayeishi kwa simu za "fundi wahi choo kimeziba", hiyo ni habari ya kumpigia mama kijijini.

Shida iko ukurasa wa 3 wa mkataba. Wanataka niwe na bima ya dhima, wenyewe wameandika pablik laibiliti, ya milioni 50, na nikabidhi nakala kabla ya kuingia kazini. Nimeulizia sehemu moja mjini nikaambiwa 250,000, weka na VAT ya asilimia 18, jumla 295,000 kwa mwaka. Yote kwa mpigo.

Sasa wakuu, miaka 6 sijawahi kuharibu nyumba ya mtu. Kitu kikivuja narudi naziba bure, wateja wangu wananijua. Mke wangu amesikia 295,000 akaniuliza swali moja tu: "Ukimaliza mwaka hujaharibu kitu, wanarudisha?" Nikakosa jibu.

Kuna fundi humu anayelipia hii kitu? Inasaidia kweli au ni karatasi ya kuwafurahisha wenye jengo? Na nikiwaomba waiondoe kwenye mkataba nitaonekana mbabaishaji?

Mzee_Elbo

Mdogo wangu, nimelisoma bandiko lako huku elbo moja ya PPR, kile kiungo cha kona cha bomba la plastiki la kuchomea kwa joto, iko mbele yangu mezani. Huwa inakaa kwenye droo, leo nimeitoa kwa ajili yako.

Septemba 2018, Jumamosi, Upanga, ghorofa ya tatu. Kazi yenyewe ndogo: kuhamisha pointi ya mashine ya kufulia kutoka jikoni kwenda kibaraza cha nyuma. Bomba la milimita 25, tee moja, elbo nne, koki moja. Ufundi tulipatana 120,000. Mchana umeme ukawa unapanda na kushuka, feni ya pale sebuleni inazunguka kama imetoka shamba. Mashine ya kuchomea unaijua, yangu ilikuwa na taa mbili, nyekundu inapasha, kijani imefika nyuzi 260. Kwenye elbo ya mwisho, nyuma ya kabati, nilichoka kuisubiri kijani. Nikachoma.

Bomba la 25 linataka sekunde 7 kwenye joto kamili, halafu unalisukuma moja kwa moja bila kulizungusha na unaliacha dakika 2 bila kuligusa. Sekunde zangu 7 nilizihesabu vizuri kabisa. Joto ndilo halikuwepo.

Ningepima presha ningeliona kosa palepale. Lakini siku hiyo maji ya juu yalikuwa yamefungwa, kuna watu wanasafisha tenki, na pampu yangu ya mkono ya kupimia nilikuwa nimemwazima rafiki. Mwenye nyumba anawahi harusi Bagamoyo, familia nzima imeshapanda gari, honi inalia chini. "Fundi, si umemaliza?" Nikasema nimemaliza.

Jioni wakafungua maji. Jointi ikashika, ikashika, mpaka usiku watu wamelala. Wewe unajua usiku inakuwaje: hakuna anayefungua koki jengo zima, presha inasimama. Kama saa 8 hivi elbo ikaachia. Simtanki la lita 5,000 juu ya paa likashuka lote, na pampu ya chini ikawa inalijaza upya, maana floti kazi yake ni kuona tenki limepungua, haiulizi maji yameenda wapi. Saa 12 asubuhi dari ya jipsam ya ghorofa ya pili ikaanguka. Ndipo watu wakaamka.

Chini alikuwa anaishi mama mmoja anauza vitenge na mapazia. Chumba cha wageni alikifanya stoo, marobota yamepangwa sakafuni. Nilifika saa 2 nikamkuta amekaa kwenye ngazi amevua viatu, khanga imelowa mpaka magotini, hasemi kitu. Bora angenitukana.

Hesabu alizoniletea nazikumbuka kama namba ya simu. Jipsam ya sebule na korido pamoja na rangi, 2,150,000. TV, 1,100,000. Makochi, 1,800,000. Vitenge na mapazia, 3,600,000. Fundi umeme wa kukagua nyaya kabla ya kuwasha tena, 250,000. Gesti siku 3 yeye na wanawe, 240,000. Jumla 9,140,000. Tukakaa ofisi ya serikali ya mtaa, mjumbe katikati, akanipunguzia mpaka 7,500,000. Nikauza pikipiki nikatanguliza milioni 2, iliyobaki nikawa napeleka 500,000 kila mwezi kwa miezi 11. Kuna miezi nilimpelekea hela yake halafu nikarudi Gongo la Mboto kwa kudandia lifti. Binti yangu alikuwa kidato cha pili, akakaa nyumbani muhula mmoja. Hilo nilimficha yule mama, hakuwa na kosa.

Wewe unasema wateja wako wanakujua na ukiharibu unarudi kuziba. Hapo ndipo umekosea hesabu. Mteja wangu wa ghorofa ya tatu aliharibikiwa na zulia moja tu, na tulimalizana siku ileile. Aliyeumia ni mtu wa chini. Nilikuwa sijawahi kumwona, hakunipa kazi, hatukupatana bei, hajui kama mimi ni fundi mzuri. Uaminifu wangu wa miaka 19 (ndiyo, nilikuwa na 19, wewe una 6) haukuwa na maana yoyote kwake. Na hela ya kazi ilikuwa 120,000. Ukifanya kazi Tegeta kwenye nyumba ya chini, bomba likipasuka maji yanaenda uani kwenye migomba. Masaki fleti 24, maji yanaenda kwa watu. Chini ya kila choo utakachogusa kuna kitanda cha mtu.

Baadaye niliikata ile elbo katikati kwa msumeno wa chuma. Bomba limeingia milimita 9. Linatakiwa kuingia kama 16. Plastiki kwa plastiki havijayeyukiana, vimegusana tu, kama watu wawili waliopeana mkono wa msibani. Ukiitazama kwa nje ni elbo nzuri kabisa, ina kola yake safi pande zote. Hata sasa ukiniletea kumi kama hii sitakuonyesha mbovu ni ipi.

Kata bima.

chuma_ulete99

Mzee pole sana, lakini nimtahadharishe kijana. Bima nchi hii ni ya kulipa, siyo ya kulipwa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Nilikata hiyohiyo bima anayoisema, mwaka wa pili cheche zikarukia banda la makuti la jirani wa mteja, dakika 10 banda limekwisha pamoja na viti vya plastiki na friji ya soda. Jirani anapiga kelele, mimi muungwana nikamtumia ujumbe WhatsApp: "Mzee wangu nimekosa, nitakulipa kila kitu." Nikamtangulizia 400,000. Baada ya kama wiki 3 nikawakumbuka watu wa bima. Wakanijia na barua ya kurasa mbili, kwa kifupi: hatulipi. Eti nilikiri kosa bila wao kujua, eti nimechelewa kutoa taarifa, eti hakukuwa na mtungi wa kuzimia moto eneo la kazi. Sasa mtungi na hela yangu wapi na wapi?

Hiyo 295,000 nunua mashine nzuri ya kuchomea PPR na pampu ya kupimia, hiyo ndiyo bima.

dada_wa_dhima

Niseme mapema ili nisije nikasutwa: mimi ni wakala wa bima, mkate wangu unatoka kwenye kamisheni. Nisomeni mkilijua hilo.

Kaka chuma_ulete, pole. Ila hayo matatu waliyokuandikia yamo karibu katika kila hati ya aina hii, na ninaudhika kuona aliyekuuzia hakukaa na wewe nusu saa kukusomea. Bima ya dhima ni tofauti na bima ya moto ya nyumba yako. Kampuni inaingia kwenye viatu vyako: ndiyo inayozungumza na mdai, ndiyo inayobisha kiasi, na mambo yakifika mahakamani ndiyo inayotafuta wakili. Ukishaandika "nitakulipa kila kitu" umewafungia mlango wa kubisha. Hakuna anayekukataza utu. Mwambie jirani pole, msaidie kuokoa vitu, piga picha, mpe namba ya bima yako, halafu piga simu siku hiyohiyo. Neno "nitalipa" waachie wao.

Na mtungi, kaka yangu, kazi ya cheche bila mtungi hata mimi nisingekulipa.

Tena mashine nzuri na bima havishindani. Aliye na breki nzuri bado anakata bima ndogo ya gari, na ile sheria inamlazimisha kwa sababu hiyohiyo aliyoieleza Mzee Elbo: anayegongwa hakuwahi kumchagua dereva. Fundi halazimishwi. Unakuta fundi pikipiki yake ina bima ya mtu wa tatu, ila mikono yake inayoingia kwenye nyumba za watu haina.

Sasa mwenye swali. Kabla hujalipa hiyo 295,000, chukua rasimu ya hati uitafutie kitu kimoja ambacho mafundi bomba wengi wanaliwa nacho. Uliza: je, inalipa madhara yanayotokea baada ya mimi kumaliza kazi na kuondoka? Bima nyingi za dhima kwa umma, zikiwa kavu bila nyongeza, zinaangalia ajali inayotokea wakati uko eneo la kazi. Umeangusha spana kwenye kioo cha gari la mtu, mtoto wa mpangaji kajikwaa kwenye shimo lako, hapo sawa. Lakini elbo ya Mzee iliachia saa 8 usiku, yeye yuko kwake amelala, kazi ameshakabidhi. Bila kifungu cha kazi iliyokwisha kukabidhiwa angeweza kuwa na hati mkononi na bado akauza pikipiki. Kwa fundi bomba hicho kifungu ndicho bima yenyewe. Maji hayana tabia ya kumwaga siku uliyopo.

Kingine, milioni 50 ni kwa kila tukio, au ni jumla ya mwaka mzima? Ikiwa ya mwaka mzima na mwezi wa 2 umetokea mkasa wa milioni 30, umebakiwa na 20 mpaka mwaka uishe. Soma pia kiasi utakachobeba mwenyewe kwenye kila dai, wengine wanaita ekses. Wakiweka milioni 2, basi vile vimikasa vya dari kulowa na godoro kuharibika vyote ni vyako.

Na usitegemee ikulipie kurudia kazi yako. Elbo mpya, bomba jipya, muda wako, hayo ni ya fundi. Inalipa kilichoharibiwa na elbo. Vilevile kitu ulichokabidhiwa ukifanyie kazi, mfano hita ya mteja umeifungua ikakufia mkononi, hati nyingi zinakiondoa, kwa hiyo uliza.

Yule dogo wako hayumo humo kabisa. Akianguka ngazi, bima ya dhima kwa umma haimtambui kwa kuwa ni mtu wako. Huyo njia yake ni WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: unamsajili na unachangia asilimia 0.5 ya mshahara unaomlipa. Kwa dogo wa 200,000 kwa mwezi ni shilingi 1,000. Naona mafundi wanaikwepa hiyo elfu moja, halafu kijana akivunjika mguu wanachangishana kwenye grupu la WhatsApp.

Ukishalipa, dai hati na namba yake, ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Wapo matapeli wa karatasi. Na kama kweli kampuni imekunyima haki yako, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, haikulazimu uende na wakili.

Sura_ya_345

Naongeza moja tu kwa sababu nimeona mtoa mada ameandika "sina kampuni, nina jina la biashara" kama vile jina ni ngao. Jina la biashara la BRELA ni jina. Wewe na "Koki Bora Enterprises" ni mtu mmoja mbele ya sheria. Ukidaiwa, kinachotazamwa ni kiwanja chako, pikipiki yako, akaunti yako. Hata ukifungua kampuni ya kweli, aliyechoma ile jointi kwa mikono yake bado anaweza kushtakiwa yeye mwenyewe kwa uzembe.

Tena aliyekupa kazi, kwa kawaida habebi uzembe wa fundi wa kujitegemea, tofauti na mwajiri ambaye hubeba wa mfanyakazi wake. Zipo hali za kipekee, lakini usizitegemee. Ndiyo maana yule mama wa vitenge alimfuata Mzee Elbo na siyo aliyekuwa harusini.

Muda nao ni mrefu kuliko mnavyodhani. Kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, dai la madhara ya uzembe lina miaka 3, la kuvunja mkataba miaka 6. Bomba ulilofunga leo linaweza kukuita wakati umeshasahau hata rangi ya geti.

meneja_ghorofani

Mimi niko upande wa pili, nasimamia majengo mawili ya kupangisha, siyo hilo la mtoa mada. Nikwambie kwa nini tunaiweka ukurasa wa 3.

Jengo lina bima yake. Fleti zikilowa, kampuni ya bima ya jengo inamlipa mwenye jengo. Fundi anashusha pumzi, anadhani yamekwisha. Hayajaisha. Ile kampuni ikishalipa inarithi haki ya mwenye jengo ya kumdai aliyesababisha, na yenyewe haina mjumbe wa mtaa wala huruma ya miezi 11. Inaandika barua kupitia wakili. Nimeshuhudia fundi wa AC akiletewa barua hiyo miezi 8 baada ya tukio, ameshasahau, tena alikuwa ameendelea kutufanyia kazi muda wote huo vizuri tu. Ilibidi aniombe nimsomee. Nilimsomea nikiwa natazama chini.

Kuhusu kuomba waiondoe: usiombe. Sisi tukiona fundi anaomba kiondolewe tunasikia "nikiharibu nitazima simu". Badala yake rudi na bei. 650,000 mara 12 ni 7,800,000, hiyo bima yako haifiki hata asilimia 4 ya mkataba. Waambie ada ya kila mwezi iwe 680,000 kwa sababu ya bima, uwaonyeshe risiti. Mimi ningekubali bila kumuuliza bosi. Mafundi wengi hupandisha bei bila kutoa sababu, ukija na sababu iliyoandikwa unakuwa mtu mwingine kabisa.

chuma_ulete99

Dada_wa_dhima nimekusoma. Hasira bado ninazo, ila ile ya WhatsApp nakubali nilijiponza mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuniambia. Nilidhani kuwa muungwana ni kuwahi kulipa.

Swali dogo: hizo kampuni kwa nini hiyo ya "usikiri" wasiiandike kwa Kiswahili, herufi kubwa, ukurasa wa kwanza? Hati yangu ilikuwa kurasa 14 za Kiingereza cha mahakamani.

dada_wa_dhima

Hapo huna wa kukupinga, kaka. Mimi wateja wangu nawaandikia kwa kalamu nyuma ya bahasha: usikiri, usilipe, piga simu leo. Maneno matano. Wengine wameibandika kwenye kifuniko cha sanduku la spana.

koki_ya_tegeta

Wakuu nimerudi, zimepita siku 9, nilikuwa nazunguka na hili jambo.

Nilirudi pale nilipopewa bei ya 295,000 nikauliza swali la dada: elbo ikiachia usiku nimeshaondoka, mnalipa? Kijana wa kaunta akaniambia "inalipa kila kitu kaka". Nikamwomba anionyeshe mstari. Akafungua kurasa, akaita mwenzake, mwenzake akaita bosi. Bosi akasema hiyo haimo, ni nyongeza. Mngekuwepo mngeona nilivyojisikia, mimi fundi wa Tegeta nimewafundisha hati yao.

Nimeenda kwingine. Bei 310,000, na VAT inafika 365,800. Ina kifungu cha kazi iliyokabidhiwa, milioni 50 kwa kila tukio, mimi nabeba 500,000 za mwanzo kwenye kila dai. Nikawauliza kulipa kwa awamu, wakacheka kistaarabu: hujalipa, huna bima. Nimeuza simu yangu kubwa, naandika kwa ya mke.

Watu wa jengo nimewapelekea bei ya 680,000 kama meneja_ghorofani alivyosema. Wamerudi na 670,000, nimekubali. Nimesaini juzi. 20,000 kwa mwezi ni 240,000 kwa mwaka, kwa hiyo bima inanigharimu mimi mwenyewe 125,800. Mke wangu nimempigia hesabu hiyo kwenye karatasi. Akaniuliza tena lile swali lake, wanarudisha? Nikamwambia hapana, hawarudishi, halafu nikamsomea bandiko la Mzee Elbo lote. Nilipofika kwa binti wa kidato cha pili akanyamaza, akaenda kuangalia kama watoto wamelala.

Dogo nimeanza kufuatilia usajili wake WCF. Ameuliza kama sasa na yeye ni mfanyakazi wa serikali.

Jana nimeingia jengoni mara ya kwanza. Nimefungua kabati la chini ya sinki fleti ya ghorofa ya 4 nikakuta fundi aliyepita amefunga uzi wa koki kwa mfuko wa rambo. Nimepiga picha kila kitu na tarehe yake kabla sijagusa chochote, ili kisije kuhesabiwa changu.

Mzee Elbo, ombi la mwisho. Mashine ninayo nzuri, ila pampu ya mkono ya kupimia presha sina, na Jumatatu nina laini mbili za kupima pale. Yako bado ipo? Uniazime hata siku moja tu, nitakuja kuichukua Gongo la Mboto mwenyewe.

Mzee_Elbo

Kazi ya kupiga picha ile ni nzuri sana, hiyo mimi sikuwahi kuiwaza.

Pampu ipo. Siazimi. Jumamosi asubuhi nitakuwa Gerezani, Kariakoo, kununua soketi, tukutane pale nikusaidie kuchagua yako, maana zipo ambazo geji inasoma bar 10 hata hujaanza kusukuma.